Kombe la Norway na Miaka Yake ya Mwanzo

Kombe la Norway lilianza kushindaniwa mwaka 1902, miezi michache baada ya Shirikisho la Soka la nchi hiyo kuundwa mjini Kristiania tarehe 30 Aprili. Wakati huo Norway ilikuwa bado kwenye muungano na Sweden, chini ya mfalme mmoja, na mji wa Kristiania ulikuwa haujarudishiwa jina lake la kale la Oslo, jambo lililofanyika mwaka 1925. Klabu zilikuwa chache na ligi ya taifa haikuwepo. Kwa hiyo timu iliyotwaa kombe hilo ndiyo iliyohesabiwa kuwa bingwa wa Norway.

Mtindo uliochaguliwa ni wa mtoano: anayefungwa anaaga, anayeshinda anasonga mbele. England ilikuwa ikiutumia tangu msimu wa 1871/72, na Sweden ilikuwa na ubingwa wake wa mtoano tangu 1896. Mtindo huu uliifaa Norway. Nchi ni ndefu na nyembamba, imekatwakatwa na milima na ghuba, na theluji hufunga viwanja kwa miezi mingi ya mwaka. Ligi ingezilazimu timu kusafiri mara kwa mara, ilhali mtoano ulihitaji mechi chache tu kumpata bingwa.

Fainali ya kwanza ilizikutanisha Grane ya Kristiania na Odd ya mji wa Skien, na Grane ikashinda 2–0. Taji hilo lilibaki kuwa pekee katika historia ya Grane. Mwaka uliofuata timu hizohizo zilikutana tena kwenye fainali, na safari hii Odd ikalipa kisasi kwa bao 1–0.

Odd ilikuwa klabu ya mji wa mbao na karatasi, mji aliozaliwa mwandishi wa tamthilia Henrik Ibsen. Ilianzishwa mwaka 1885 kwa ajili ya michezo mingine, ukiwemo mchezo wa kuteleza kwenye theluji, na soka likaingia mwaka 1894. Ilipoonja ubingwa wa 1903 haikuuachia upesi. Mwaka 1904 iliichapa Porsgrund 4–0, katika fainali iliyokuwa ya majirani, kwa kuwa Skien na Porsgrunn ni miji inayopakana. Mwaka 1905 iliifunga Akademisk 2–1.

Msimu wa 1906, ambao ulikuwa wa tano, ulichezwa katika nchi iliyobadilika. Muungano na Sweden ulikuwa umevunjwa mwaka 1905, na tarehe 22 Juni 1906 Mfalme Haakon VII alitawazwa katika kanisa kuu la Trondheim. Hata hivyo, mlango wa kuingilia mashindano ulikuwa mwembamba. Waliofuzu ni mabingwa wa ligi za maeneo, isipokuwa Kristiania na viunga vyake, ambako yalifanyika mashindano maalumu ya kumpata mwakilishi. Odd ilifika fainali tena na kukutana na Sarpsborg, klabu changa iliyoundwa mwaka 1903 katika mji wa viwanda ulio mashariki ya ghuba ya Oslo. Bao moja lilitosha. Odd ikashinda 1–0 na kuwa bingwa kwa mwaka wa nne mfululizo. Katika fainali hizo nne ilifunga mabao 8 na kuruhusu moja tu.

Mwaka 1907 Odd haikufika fainali. Mercantile ya Kristiania iliifunga Sarpsborg 3–0, na utawala ukahamia mji mkuu. Kisha ikaja zamu ya Lyn, pia ya Kristiania, ambayo iliikatili Odd katika fainali tatu mfululizo: 3–2 mwaka 1908, 4–3 mwaka 1909 na 4–2 mwaka 1910. Odd ilifunga mabao 7 katika mechi hizo na bado ikaondoka mikono mitupu kila mara. Mwaka 1911 Lyn iliongeza taji la nne kwa kuilaza Urædd 5–2. Hata hivyo, kati ya fainali tisa za kwanza Odd ilicheza nane, rekodi inayoonyesha uzito wa klabu hiyo kuliko idadi ya mataji peke yake.

Kombe liliitwa la taifa, lakini kwa miaka 20 ya mwanzo halikutoka katika miji ya kusini-mashariki. Bergen, mji mkubwa wa magharibi, uliunganishwa na Kristiania kwa reli mwaka 1909. Brann, klabu ya mji huo, ilifungwa kwenye fainali za 1917 na 1918 kabla ya kulitwaa kombe mwaka 1923 kwa kuishinda Lyn 2–1. Stavanger ilisubiri hadi 1953, Viking ilipokuwa bingwa. Trondheim ilisubiri hadi 1960, Rosenborg ilipoishinda Odd 3–2 katika mechi ya marudiano baada ya sare ya 3–3.

Katikati ya safari hiyo, ligi ya taifa ilianza msimu wa 1937/38, lakini mshindi wa kombe ndiye aliyeendelea kuitwa bingwa wa Norway. Kati ya 1941 na 1944, wakati wa uvamizi wa Wajerumani, kombe halikuchezwa, kwani wanamichezo waligomea mashindano yaliyosimamiwa na wavamizi.

Waliosubiri kuliko wote ni watu wa kaskazini. Klabu zao hazikuruhusiwa kabisa kushiriki, kwa hoja za umbali, gharama na imani kwamba soka lao lilikuwa la kiwango cha chini. Tangu 1929 walikuwa na ubingwa wao wenyewe, na mlango wa kombe haukufunguliwa kwao hadi mwaka 1963. Miaka 12 baadaye, Bodø/Glimt, timu ya daraja la pili, iliifunga Vard 2–0 na kulipeleka kombe juu ya mstari wa Aktiki kwa mara ya kwanza. Kwa ushindi huo wa 1975, hoja ya kiwango ilikosa mashiko.

Odd ilitwaa taji la 11 mwaka 1931, kisha ikakaa miaka 69 bila jingine, hadi ilipoishinda Viking 2–1 mwaka 2000. Rosenborg iliifikia rekodi hiyo ya mataji 12 mwaka 2018.