Neno Sahihi Lililoachwa

Sisi walimu wa lugha tumezoea kuuliza kama neno ni sahihi. Katika ilani za hatari kuna swali lenye uzito zaidi: asomaye ataelewa nini? Historia ya neno moja la Kiingereza yatufunza tofauti ya maswali hayo.

Tangu karne ya 17 Waingereza walikiita kitu kishikacho moto upesi 'inflammable'. Neno hilo latokana na kitenzi cha Kilatini 'inflammare', yaani kuwasha, na 'in-' yake haikanushi. Lakini Kiingereza kina 'in-' nyingine ikanushayo, kama katika 'invisible', kisichoonekana. Basi mchukuzi asiyejua Kilatini aliweza kulisoma neno hilo juu ya pipa la petroli akadhani kuwa yaliyomo hayashiki moto. Kosa la daftarini husahihishwa kwa wino mwekundu; kosa la namna hii halina masahihisho.

Kwa hiyo, katika miaka ya 1920, Chama cha Taifa cha Kinga ya Moto cha Marekani kilihimiza 'flammable' litumike badala yake. Taasisi ya Viwango ya Uingereza nayo ilihimiza hivyo mwaka 1959. Neno la zamani halikuwa na kosa. Liliachwa kwa sababu ya masikio ya wasomaji.

Hata neno jepesi laweza kuponza. Benjamin Lee Whorf, mwanaisimu aliyefanya kazi ya kinga ya moto katika kampuni ya bima, alieleza katika makala yaliyochapishwa mwaka 1941 kuwa watu walijihadhari penye mapipa yaliyojaa petroli, lakini penye mapipa 'matupu' walivuta sigara ovyo. Kumbe pipa tupu lina mvuke uwezao kulipuka.

Jambo hili latuhusu. Malori ya mafuta yatokayo Mombasa na Dar es Salaam hupita vijijini mwetu. Huko Sange, Kongo, mwaka 2010, na Morogoro mwaka 2019, lori lilipinduka, watu wakachota mafuta, moto ukalipuka, wakafa wengi. Hatusemi kuwa ilani ingaliwaokoa. Twasema tu kwamba 'Hatari' peke yake haielezi hatari gani, wala mtu afanyeje. 'Mafuta haya hulipuka. Kaa mbali. Usichote' yaeleza yote. Nasi tukiombwa kutunga ilani, tuwasomee kwanza wachukuzi na wachuuzi wa barabarani, kisha tuwaulize wameelewa nini. Jibu lao ndilo kamusi yetu.