Misri na Ugiriki ya zamani katika masomo ya watoto wetu

Uliza mtoto yeyote wa darasa la nne hapa kwetu Kivu: Misri ni nini? Atakujibu palepale: ni kule Farao alitesa Waisraeli. Ameisikia kanisani, ameiimba, ameiona katika picha za katekisimu. Lakini ukimuuliza Misri iko upande gani wa dunia, wengi watakuonyesha Bulaya ao Uarabuni. Wachache ndio watasema kwamba Misri ni Afrika, na kwamba sehemu ya maji yake inatoka huku kwetu. Na Wagiriki? Hao anawajua kwa sababu ya barua za mtume Paulo, basi.

Katika mkutano mmoja na wazazi tulieleza kwamba tunataka mambo ya Misri na Ugiriki ya zamani yaingie katika masomo yote ya shule ya msingi. Muzee mmoja akasimama, akatuambia: «Banangu, mwacha mila ni mtumwa. Bana betu habajui hata majina ya babu zabo, na ninyi munataka kubafundisha ya Wagiriki?» Watu wakapiga makofi. Neno lake lilikuwa na uzito, na siku ile hatukumjibu vizuri. Maandiko haya ni jibu letu.

Kwanza tueleweke. Hatuombi somo jipya. Saa za shule ni chache, na walimu wamechoka. Tunasema hivi: hesabu iko, jeografia iko, lugha iko, uraia uko. Misri na Ugiriki zinaweza kupita ndani ya masomo hayo, sawa vile chumvi inapita ndani ya mboga.

1. Katika hesabu

Tuanze nyumbani. Mwaka 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, ndani ya mbuga ya Virunga. Akapata mfupa mdogo wa urefu wa sentimeta 10 hivi, wenye alama zilizokatwa katika mistari mitatu. Mstari mmoja una alama 9, 19, 21 na 11. Mwingine 19, 17, 13 na 11. Mtoto ajumlishe mwenyewe: kila mstari unafanya 60. Mstari wa tatu una 3 na 6, 4 na 8, 10 na 5, halafu 5 na 7: jumla 48. Mfupa huo una miaka karibu 20.000. Leo umewekwa Brussels, na watoto wengi wa Kivu hawajawahi kuona hata picha yake.

Halafu tushuke mpaka Misri. Karibu mwaka 1550 mbele ya Yesu Kristo, mwandishi Ahmose alinakili kitabu cha hesabu juu ya mafunjo. Katika kitabu hicho kuna maulizo ya kugawanya mikate kwa watu 10, kupima ghala za nafaka, kupima mashamba. Wamisri walizidisha kwa kuongeza mara mbili mara mbili. Mama anauza vikapu 13, kila kimoja vipimo 12: vinafanya ngapi? Andika: 1 ni 12, 2 ni 24, 4 ni 48, 8 ni 96. Sasa 1 na 4 na 8 ni 13. Basi 12 na 48 na 96 ni 156. Mtoto ambaye tebo ya kuzidisha inamshinda, hapa anapata njia. Na yule anayeijua anafurahi kuona kwamba njia ni nyingi.

Tena, jometri. Herodoto, Mgiriki wa karne ya 5 mbele ya Yesu, aliandika kwamba watu wake walijifunza kazi hiyo Misri, kwa sababu mto Nile ulipofurika ulikula mashamba, na ilibidi kupima upya. Neno lenyewe kwa Kigiriki ni kusema kupima ardhi. Hapa kwetu, ndugu wangapi wanagombana, hata kufikia kuuana, kwa sababu ya mpaka wa shamba? Mtoto anayepima kiwanja cha shule kwa kamba anajifunza jambo ambalo litamfaa siku ya kugawa urithi.

2. Katika jeografia na sayansi

Chukua karta ya Afrika. Mwambie mtoto aweke kidole Ishango, afuate Semliki mpaka ziwa Albert, kisha Nile, apite Sudani, afike Kairo. Hakuvuka bahari hata moja. Njiani ataikuta Kushi, inchi ya watu weusi ambayo wafalme wake walitawala Misri yote katika karne ya 8 na ya 7 mbele ya Yesu. Mmoja wao ni Taharka, anayetajwa hata katika Biblia.

Kisha mambo ya kivuli. Inasimuliwa kwamba Mgiriki Thales alipima urefu wa piramidi kwa kivuli chake. Fanyeni vile na muti wa uwanja wenu. Kijiti cha metre 1 kina kivuli cha metre 1 na nusu. Muti una kivuli cha metre 18. Basi urefu wa muti ni metre 12. Haitaji chombo chochote cha kununua.

Mgiriki mwingine, Eratosthenes, aliyeishi Aleksandria katika karne ya 3 mbele ya Yesu, alijua kwamba kuna siku moja ya mwaka ambapo kule Aswan jua la saa sita halina kivuli, lakini Aleksandria kivuli kiko. Kwa tofauti hiyo akahesabu mzunguko wa dunia nzima. Sisi tuko karibu na ikweta. Tarehe 21 ya mwezi wa tatu, watoto wa Butembo wasimamishe kijiti uwanjani saa sita: kivuli kitapotea karibu chote. Bukavu, kijiti cha metre 1 kitaacha kivuli kidogo, sentimeta 4 hivi. Kumbe dunia ni mviringo, na mtoto ameona alama yake kwa macho yake.

3. Katika lugha

Hapa ndipo watoto wanashangaa zaidi. Waambie: kila asubuhi munasema Kigiriki bila kujua. Karatasi imetoka kwa Kigiriki, ikapita kwa Waarabu, ikafika katika Kiswahili. Wagiriki waliita vile karatasi ya mafunjo ya Misri. Kalamu vilevile. Falsafa vilevile. Hata almasi, ile inayochimbwa Kasai, ni neno la Kigiriki lililopitia Uarabuni. Na hayo mafunjo ni yale yale ya mabwawa yetu, ambayo mama zetu wanasukia mikeka. Mwalimu alete shina moja darasani, alipasue, watoto waone namna ya kulipanga na kuligonga mpaka likae kama ukurasa.

4. Katika uraia na adabu

Atene, tangu mwaka 508 mbele ya Yesu hivi, raia walikutana kusema na kupiga kura. Waliweza hata kumfukuza mukubwa kwa miaka 10, kwa kuandika jina lake juu ya vipande vya vyungu vilivyovunjika. Ni vizuri kufundisha hayo. Lakini tuseme yote: wanawake, watumwa na wageni hawakupiga kura. Mtoto aulizwe: katika baraza ya kijiji chetu, nani anasema na nani ananyamazishwa? Swali hilo haliko la Ugiriki peke yake.

Kuna habari nyingine ambayo inatugusa. Zaidi ya miaka 4.000 iliyopita, Harkhuf, mukubwa mmoja wa Misri, alirudi kutoka kusini pamoja na mtu mufupi anayejua kucheza ngoma. Farao Pepi wa pili, ambaye alikuwa bado mtoto, akamwandikia barua: amlete upesi, amlinde asianguke majini, usiku amchungulie mara kumi. Barua hiyo imechongwa katika kaburi la Harkhuf huko Aswan. Wengine wanaona mtu huyo alikuwa wa mababu za Wambuti wa misitu yetu. Wengine wanaona hapana. Watoto wanacheka wanapoisikia. Hapo mwalimu awaulize: na yule mtu mwenyewe, nani alimuuliza kama anataka kwenda? Tunaishi jirani na Wambuti na Batwa, na tunajua namna wanavyodharauliwa. Somo likiishia kwenye kicheko tu, afazali lisifundishwe.

Hatari mbili

Wazazi wetu walisoma katika vitabu vilivyosema kwamba akili yote ilitoka Bulaya. Msenegali Cheikh Anta Diop alipinga uongo huo katika kitabu chake cha mwaka 1954, na mwaka 1974, yeye pamoja na Théophile Obenga wa Kongo-Brazzaville walitetea huko Kairo, mbele ya wataalamu walioitwa na Unesco, kwamba Misri ya kale ni ya Waafrika weusi. Si wote waliokubali, lakini tangu hapo hakuna anayeweza kuandika habari ya Misri sawa vile Afrika haikuwepo.

Hatari ya pili ni yetu sisi. Kwa furaha, tunaweza kumwambia mtoto kwamba mfupa wa Ishango ndio mama wa hesabu zote za Misri. Hakuna ushahidi wa jambo hilo. Kati yao kuna zaidi ya miaka 15.000. Wengine wanaona mfupa huo ni hesabu, wengine ni kalenda ya mwezi, wengine alama za kushikia vizuri tu. Tumpe mtoto mfupa na mawazo hayo yote, apime mwenyewe. Tukimdanganya kwa kumpendeza, siku atakapojua hatatuamini tena hata pale tunaposema kweli.

Basi, muzee wetu, jibu ni hili. Wagiriki hawakuona haya kusema kwamba wamejifunza kwa Wamisri, na bado walibaki Wagiriki. Kujifunza kwa jirani hakumfanyi mtu mtumwa. Utumwa ni kujifunza ya jirani huku unaambiwa kwamba kwenu hakukuwa na kitu. Kwa hiyo tunaomba wazee waingie nao darasani: siku mwalimu anapofundisha majina ya Mafarao, muzee aje afundishe majina ya babu, na yote mawili yaandikwe katika kaye moja.