Peke Yake Mbele ya Watu: Hofu ya Mpiga Piano na Asili Yake



Zinapokaribia siku za mitihani ya muziki na matamasha ya shule, aghalabu hutokea kijana mmoja au wawili, tena waliojifunza vyema, ambao huomba majina yao yaondolewe katika orodha. Hawaumwi. Wanaogopa. Nasi wakubwa, badala ya kuwasaidia, huwaambia wajikaze kiume. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hofu hiyo ina historia yake, na kwamba baadhi ya walioishi nayo ni watu ambao ulimwengu mzima unawaita mabingwa.

Kwanza ifahamike kwamba desturi ya mtu mmoja kukaa na piano mbele ya umati ulionyamaza kimya si ya kale sana. Zama za Mozart, aliyefariki mwaka 1791, tamasha lilikuwa mchanganyiko: okestra ikipiga, mwimbaji akiimba, kisha mpiga piano akipata zamu yake. Aliyekosea alikuwa na wenzake wa kumfunika. Hata mkao wa sasa, ambapo mpigaji huwapa watu ubavu wake, ulianzishwa na mtu anayejulikana. Anayetajwa kuwa wa kwanza ni Jan Ladislav Dussek wa Bohemia, aliyefariki mwaka 1812.

Aliyebadilisha mambo ni Franz Liszt, Mhungari. Mwaka 1839, huko Roma, alithubutu kujaza tamasha zima peke yake bila mwenzi yeyote. Tarehe 9 Juni 1840 akafanya hivyo London, na tangazo lake likatumia neno ambalo Waingereza walizoea kulitumia kwa kughani mashairi. Watu wakaulizana, ati, mtu hughanije juu ya piano? Liszt hakuwa mwoga hata kidogo. Alipenda kutazamwa kama samaki apendavyo maji. Lakini waliomfuata walirithi desturi iliyoshonwa kwa kipimo cha mwili wake, nao wengi haikuwaenea.

Jambo la pili ni kuhifadhi moyoni. Leo mpiga piano akiingia na karatasi zake, watu hudhani hajajiandaa. Zamani ilikuwa kinyume. Clara Wieck, binti wa Leipzig ambaye baadaye aliolewa na mtungaji Robert Schumann, alipiga sonata ya Beethoven bila karatasi mjini Berlin mwaka 1837, akiwa na umri wa miaka 17 tu. Mwandishi Bettina von Arnim alimlaumu kwa majivuno: binti huyu ni nani hata ajitie kumjua Beethoven kuliko karatasi? Miaka ikapita, majivuno yakageuka kuwa sheria, na Clara huyohuyo akaja kuteswa na hofu ya kusahau katikati ya wimbo. Hata hivyo hakuacha. Aliendelea kupiga hadharani hadi mwaka 1891. Binafsi, katika habari hii yote, yeye ndiye ninayemstahi kuliko wote. Alikuwa na watoto wa kulisha, mume aliyefariki mapema, na hofu iliyozidi badala ya kupungua kwa umri, na bado alipanda jukwaani.

Chopin alichagua njia nyingine. Katika maisha yake yote alipiga mbele ya umma kama mara 30 tu. Riziki yake aliipata kwa kufundisha na kwa kuuza tungo zake. Umati ulimkaba roho, na alipendelea sebule yenye marafiki wachache. Lakini angalieni alivyojiandaa ilipombidi. Mwanafunzi wake Wilhelm von Lenz alisimulia kwamba Chopin alijifungia kwa majuma mawili akipiga Bach, wala si nyimbo alizokuwa anakwenda kuzipiga. Nadhani palikuwa na hekima ndani yake: vidole na akili vilipata kazi ngumu na safi, na programu yenyewe haikuchujuka kwa kurudiwarudiwa kwa wasiwasi.

Adolf von Henselt, Mjerumani aliyehamia St. Petersburg mwaka 1838, hakupata dawa. Wanamuziki wenzake walimhesabu kuwa miongoni mwa wapigaji wakubwa wa karne ile, lakini aliacha matamasha mapema. Inasimuliwa kwamba alikuwa akijificha nyuma ya jukwaa okestra ikianza, kisha akikimbilia piano zamu yake ikiwadia, na kwamba siku moja alisahau kuitupa sigara yake, akapiga huku akiivuta.

Sayansi ilichelewa kuingia. Mwaka 1915 Mmarekani Walter Cannon alieleza jinsi adrenalini inavyouandaa mwili kupigana au kukimbia: moyo hudunda, damu huondoka kwenye ngozi, mikono huwa baridi na kutetemeka. Kwa mwindaji hiyo ni neema. Kwa vidole vya mpiga piano ni balaa. Mwaka 1977 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la dawa ya moyo iliyopunguza mtetemeko kwa wanamuziki 24 wa ala za nyuzi. Dawa za namna hiyo bado hutumika, lakini zina hatari, hasa kwa mwenye pumu, na kijana asizipokee kwa rafiki.

Vladimir Horowitz, mzaliwa wa Kiev, aliiacha hadhira mwaka 1953 akakaa miaka 12. Aliporudi Carnegie Hall, New York, tarehe 9 Mei 1965, watu walikuwa wamepanga foleni usiku kucha kutafuta tikiti. Akaanza, na karibu na mwanzo kabisa akagonga noti zisizo zake. Hakusimama. Aliendelea na shughuli yake mpaka mwisho, na ukumbi ukamshangilia. Santuri iliyotolewa ilisahihishwa. Mwaka 2003 ndipo ilipotolewa ile yenye makosa yake, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo ya kumsikilizisha mwanafunzi.

Sviatoslav Richter wa Urusi naye, uzeeni, aliamua kuivunja ile sheria ya Clara. Alizimisha taa za ukumbi, akabakiza taa ndogo juu ya karatasi, akapiga akisoma. Mwaka 1986 alisafiri kwa gari kuvuka Siberia, akipiga katika miji midogo. Alifariki mwaka 1997.

Basi vijana, karatasi haikatazwi katika mitihani ya piano ya Associated Board mnayoifanya, ingieni nayo. Na kwa wale wanaotaka kuhifadhi, msijifunze kuanzia mwanzo pekee. Wekeni vituo vinne au vitano katika wimbo, mjaribu kuanza popote kati ya hivyo mwenzenu anapotaja namba. Mpigieni mpishi, mpigieni mlinzi wa usiku, mpigieni darasa la kwanza wakati wa mapumziko, kabla ya kumpigia mtahini. Na mkishaketi, ngojeni. Pumueni polepole, mwuimbe moyoni mstari wa kwanza kwa mwendo wake, ndipo mnyanyue mikono.