Nyumba ya Bao: Kete Sita au Historia?

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kutafuta utata katika riwaya na ushairi. Makala haya yanautafuta ubaoni. Swali ni moja: nyumba iliyokwisha kuvunjwa, ikijaa tena kete sita, ni nyumba?

Asiyecheza bao aelewe kwanza. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Sita kati ya zile kumi hukaa katika shimo liitwalo nyumba, nalo lina uwezo wa pekee. Katika hatua ya namua, yaani kete zikiwa bado mkononi, mchezaji aliyekula na kete yake ya mwisho ikaangukia nyumbani ana hiari: alale hapo, au aisafirishe nyumba yote. Shimo jingine lenye kete halimpi hiari hiyo.

Kwetu Ndama, Karagwe, babu yangu alibishana juu ya jambo hili na mwalimu mmoja mtu wa pwani.

"Mwalimu, hesabu mwenyewe. Sita hizi au si sita?"

"Ni sita, mzee wangu, lakini si nyumba tena."

Siku moja babu alibeba ubao wake akaenda zake. Wiki mbili hawakusalimiana!

Kwa mafundi wa Zanzibar, ambao Alex de Voogt aliwachunguza na kuchapisha kitabu mwaka 1995, nyumba ikishasafiri au kuliwa haifufuki. Nilipoyajua hayo chuoni nilimpelekea babu habari kama karani wa mahakama. Akanyamaza. Mama ndiye aliyeniambia kando kwamba nyumba ya babu kule Kyaka ilibomolewa katika vita vya 1978, akaja kujenga upya Ndama. Sisemi hiyo ndiyo sababu. Mhakiki anayesaka maisha ya mtunzi nyuma ya kila mstari huchosha. Labda ni omweso tu, aliokulia nao huko mpakani mwa Uganda: mashimo 32 na kete 64 vilevile, ila hauna nyumba. Aliyezoea mchezo huo atahesabu kete, basi.

Ukisema "nyumba ni shimo lile likiwa na kete sita au zaidi", umetaja hali, hukutaja wakati. Babu aliyasoma maneno yalivyo. Mwalimu aliongeza kile ambacho hadhira ya pwani inakijua bila kuambiwa. Kwa maoni yangu mwalimu ana haki, maana kama nyumba ingefufuka, kuisafirisha kusingemgharimu mtu kitu. Lakini alipomwita babu mjinga wa bao alikosea kabisa. Babu alikuwa msomaji wa hadhira nyingine.

Likizo iliyopita tulicheza. Kabla ya kete ya kwanza aliniuliza, "Leo tunacheza ya nani, mjukuu wangu?" Nikamjibu, ya Unguja. Alinifunga mara mbili, na nyumba yake hakuisafirisha hata mara moja.