Mtumba Kabla ya Mitumba: Blanketi la Jinzi na Historia ya Nguo Ugogo

Neno mtumba ni la zamani kuliko suruali ya jinzi. Leo ukilitaja hapa Dodoma, mtu anawaza nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani, zikabanwa kwenye robota, zikafunguliwa sokoni asubuhi watu wazichambue. Katika karne ya 19 mtumba ulikuwa mzigo wa nguo mpya, uliokazwa kwa kamba ili mpagazi mmoja aubebe begani kutoka Bagamoyo kwenda bara. Njia ya misafara kuelekea Unyanyembe ilikatiza Ugogo. Maana yake ni kwamba mitumba ilikuwa ikifunguliwa kwenye uwanda huu kabla Dodoma haijawa mji.

Mimi nashona mablanketi ya viraka vya jinzi, na kazi hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye vitabu. Nilitaka kujua nguo ya mbali ilifikaje huku, na ikishafika ilikuwaje.

Ndani ya mtumba wa zamani, nguo mbili zilitawala. Ya kwanza ni merikani, kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa. Jina lenyewe linasema kilikotoka: viwanda vya Massachusetts, kikaletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, hasa baada ya Sayyid Said kuwekeana mkataba na Marekani mwaka 1833. Pamba ya viwanda hivyo ililimwa na watumwa kusini mwa Marekani. Halafu nguo hiyo hiyo ikapanda bara kununua pembe za ndovu, na kununua watu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliukata uzi huo, na nguo za India na Uingereza zikapata nafasi. Nguo ya pili ni kaniki, iliyotiwa rangi ya nili mpaka ikakaribia weusi. Kumbe Ugogo ilizoea buluu ya nili zamani sana.

Nguo ilikuwa fedha. Shuka moja ilikuwa yadi mbili, doti yadi nne, na mpaka leo mama akinunua khanga hununua doti. Msafara ukiingia Ugogo ulilipa hongo kwa watemi, mmoja baada ya mwingine. Siku hizi hongo ni rushwa, lakini wakati ule ilikuwa ushuru wa njia. Burton aliyepita huku miaka ya 1857 na 1858, na Stanley aliyepita mwaka 1871, wote walihesabu doti zao kwa uchungu na kuwalalamikia Wagogo.

Sasa hebu tusimame upande wa pili wa hesabu hiyo. Hii ni nchi yenye msimu mmoja wa mvua, na mvua yenyewe haina ahadi. Mamia ya watu wanafika na kiu na njaa, wanataka maji ya kisima na nafaka ya ghalani. Mwenye kisima afanye nini? Atoe bure halafu watoto wake wale nini mwezi wa kumi na mbili? Kwa macho yangu, hongo ilikuwa bei ya maji katika nchi kavu.

Kinachonikera zaidi katika vitabu vile ni mahali vinapokoma. Vinataja mtemi kapewa doti ngapi, na hapo hapo nguo inapotea. Nani aliivaa? Ilipochanika, nani alishika sindano? Msafiri alikuwa ameshaondoka. Maisha ya nguo ndani ya nyumba hayakuwa na mwandishi.

Turudi kwenye jinzi. Tarehe 20 Mei 1873, Jacob Davis, fundi cherehani wa Reno, Nevada, pamoja na mfanyabiashara Levi Strauss, walipata hataza ya kuimarisha mifuko ya suruali za kazi kwa vifungo vidogo vya shaba. Tarehe 5 Juni mwaka huo huo, Sultani Barghash alisaini mkataba wa kufunga soko la watumwa Unguja. Sisemi jambo moja lilizaa lingine. Nasema tu kwamba suruali ya mfanyakazi na kufungwa kwa soko la wafanyakazi wasiolipwa vilitokea ndani ya wiki tatu, katika dunia ambayo pamba ilikuwa imekwisha kuifunga pamoja.

Jinzi inafaa kuwa kumbukumbu kwa sababu ya rangi yake. Nili hukaa juu juu ya uzi, haizami mpaka kwenye kiini, na kiini hubaki cheupe. Kila msuguano wa mwili hung'oa rangi kidogo. Magoti hupauka kwa aliyezoea kupiga magoti, paja hupauka kwa anayejifutia mikono. Ukifumua mfuko wa nyuma, chini yake unakuta umbo la mfuko lenye buluu nzito kama siku ya kwanza.

Kwetu suruali hizi hazikupokelewa kwa utulivu. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na suruali za kubana zikaingia kwenye orodha ya marufuku pamoja na sketi fupi na mawigi. Katikati ya miaka ya 1980 biashara ya nje ilipolegezwa, nguo za mitumba zikamiminika. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki wakakubaliana kuziondoa sokoni ndani ya miaka mitatu, ili viwanda vyetu vipumue. Marekani ikajibu kwa kupitia upya unafuu wa ushuru wa AGOA. Tanzania ikarudi nyuma. Rwanda ikang'ang'ana, na mwaka 2018 ikasimamishiwa unafuu huo kwa nguo zake.

Katika mjadala ule neno lililorudiwa sana lilikuwa heshima. Eti tunavaa mabaki ya wenzetu. Uchungu huo naujua, na sehemu yake ni ya haki: nchi inayolima pamba Simiyu na Shinyanga, ikaiuza kwa sehemu kubwa kabla haijawa hata uzi, ina sababu ya kujiuliza. Ila swali hilo limuulize mwenye kiwanda na mwenye sera. Lisimuulize mama aliyechukua jinzi iliyotoboka akaifanya kitu cha kulalia.

Maana Juni na Julai Dodoma ni baridi na upepo, na blanketi la jinzi ni zito, halipitishi kirahisi. Vipande vyangu vingi natoa kwa mafundi cherehani. Jinzi za mtumba zina miguu mirefu, kila mnunuzi anataka kupunguziwa, na chini ya cherehani hubaki rundo la vipande vya kiganja hadi shubiri. Fundi mmoja hunitania: "Dada, leo umefuata tena miguu ya Wazungu?" Namjibu, "Ndiyo, fundi, na leo nataka ya warefu." Nyumbani nafua, nachambua, zenye kuvutika naweka kando maana zitakunja mshono. Sindano namba 16, na kwenye makutano ya mishono minene napiga kwanza nyundo, kisha nakanyaga taratibu. Nyuma naweka khanga kuukuu.

Huko Alabama, kwenye kijiji kiitwacho Gee's Bend, wanawake wa vizazi vilivyotokana na watumwa wa mashamba ya pamba wameshona hivi kwa miaka mingi. Mwaka 1942 Missouri Pettway alifiwa na mumewe, akazishona nguo zake za kazi kuwa mfarishi wa kumkumbuka na kujifunika. Mwaka 2002 mifarishi ya kijiji hicho ilioneshwa kwenye jumba la sanaa la Houston, baadaye New York. Lakini tunajua habari ya Missouri kwa sababu binti yake, Arlonzia, aliisimulia. Bila yeye, ule ungekuwa mfarishi mzuri usio na mtu ndani yake.

Hapo ndipo naona hatari yetu. Blanketi la viraka likichakaa linakuwa la kuanikia karanga, kisha tambara la mlangoni, kisha basi. Na sisi tunafanya kama wale wasafiri, tunahesabu marobota bandarini na kuiacha nguo mlangoni.

Kwa hiyo nimeanza kushona maandishi upande wa khanga, pembeni, kwa uzi mweupe: jina la aliyeshona, mwaka, na nguo zilikuwa za nani kama anajulikana. Zikiwa za rundo la fundi, naandika hivyo hivyo, rundo la fundi. Kama bibi au mama yako ana blanketi la namna hii, muulize leo, kisha chukua sindano.