Msiba Uliokamilika, Vita Visivyokamilika: Kuipima Filamu ya Wakanda Forever

Filamu mwendelezo za mashujaa huhukumiwa haraka kwa vigezo viwili: mapato na ukubwa wa mapigano. Kwa vigezo hivyo, Black Panther: Wakanda Forever, iliyoongozwa na Ryan Coogler na kutoka Novemba 2022, ina hukumu rahisi. Filamu ya kwanza, ya mwaka 2018, iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani, ya pili iliishia dola milioni 850 na ushei. Makala haya yanashikilia kwamba kipimo cha haki ni kingine. Mwendelezo hupaswa kulikabili jambo lililoachwa wazi na kazi iliyotangulia, na kulifuata hadi mwisho wake. Kwa kipimo hicho, Wakanda Forever imefaulu sana katika kusimulia msiba, na imeshindwa katika kusimulia siasa.

Jambo lililoachwa wazi halikupangwa na mtunzi yeyote. Chadwick Boseman, aliyeigiza Mfalme T'Challa wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Kiafrika, alifariki Agosti 2020 kwa saratani ya utumbo mpana. Nafasi yake haikupewa mwigizaji mwingine. Coogler na mwandishi mwenzake, Joe Robert Cole, waliufanya msiba wenyewe kuwa msingi wa msuko. Filamu inafunguka Shuri, dada yake T'Challa, akiwa maabara, akihangaika kuunda upya mmea ambao anaamini utamponya kaka yake. Mgonjwa haonekani. Mama yao, Malkia Ramonda, anaingia na kumwambia kwamba kaka yake amekwenda kwa wahenga. Kisha nembo ya studio ya Marvel, ambayo kwa kawaida huja na muziki wa kishindo, inapita kimya, imejaa picha za Boseman. Shuri hakuwepo wakati wa kukata roho, na mtazamaji pia amenyimwa nafasi ya kuaga. Hapo fani na maudhui vimekuwa kitu kimoja.

Uzi huo haukatiki. Mwaka mmoja baadaye Ramonda anamchukua Shuri kando ya mto, mbali na mji, wachome nguo walizovaa msibani ili matanga yaishe. Shuri anakataa, hasira yake ni kubwa kuliko majonzi. Anapokunywa dawa ya mmea ule, unaomkutanisha mtu na wahenga, baada ya Ramonda naye kuuawa, anayemtokea si mama wala kaka, ni Killmonger, adui wa filamu ya kwanza, anayemchochea alipe kisasi. Ni baada tu ya kumsamehe aliyemuua mama yake ndipo anapoweza, akiwa ufukweni Haiti, kuzichoma nguo zile. Msomaji wa Kiswahili anaijua hali hii kutoka kisa cha Fumo Liyongo. Shujaa akishachomwa sindano ya shaba, kisa hakiishi. Kinaendelea na mji uliokosa maji, na mama anayekwenda kumsihi mwanawe aliyepiga goti kisimani. Kifo cha shujaa hupata maana kwa wanavyokibeba waliobaki. Angela Bassett, katika nafasi ya Ramonda, alikibeba kwa uzito uliostahili kabisa kuteuliwa kuwania Tuzo ya Oscar.

Nguvu ya pili ya filamu ni mpinzani wake, huyo aliyemuua Ramonda. Katika vitabu vya katuni, Namor, aliyebuniwa mwaka 1939, ni mtawala wa Atlantis. Coogler amemfanya mfalme wa Talokan, taifa la chini ya bahari la kizazi cha Wamaya wa Yucatán waliokimbia ndui na utumwa wa Wahispania katika karne ya 16. Kwa badiliko hili moja, mpinzani amepata historia, na chuki yake imepata sababu. Wakanda na Talokan zinakuwa jamii mbili zenye hofu moja: kwamba mataifa makubwa yatakuja kuchukua madini yao ya vibranium.

Hapa ndipo udhaifu mkubwa unapoanza. Mapema katika filamu, Ramonda anawafikisha mbele ya wajumbe wa Umoja wa Mataifa, jijini Geneva, askari wa Ufaransa waliovamia kituo cha Wakanda nchini Mali. Mwizi ametajwa na ushahidi umewekwa mezani, kisha hoja hiyo inatelekezwa. Namor anataka Riri Williams, mwanafunzi aliyebuni mtambo wa kutafuta vibranium, auawe. Wakanda inakataa, na mataifa mawili yaliyotishwa na adui mmoja yanamwaga damu baharini. Lakini mtambo ulikwisha kuundwa na kutumiwa na Wamarekani. Kumuua binti yule kusingeizuia nchi nyingine kuunda wa pili. Vita vyote vimesimama juu ya sababu isiyoweza kuvibeba.

Yupo atakayejibu kwamba historia imejaa wanyonge waliogombanishwa, na kwamba filamu inaonyesha ukweli huo. Hoja hiyo ina uzito, ila inahitaji sharti moja: mkono unaogombanisha uonekane ukifanya kazi. Katika Wakanda Forever mkono huo umepewa Valentina, mkuu wa ujasusi wa Marekani, na mazungumzo yake na jasusi mwenzake Everett Ross yenye mizaha hayaathiri uamuzi wowote wa Shuri wala wa Namor. Mwishoni Namor anatabiri kwamba mataifa ya nchi kavu yataigeukia Wakanda. Kumbe watunzi walivijua vita vya kweli, wakaviahirisha.

Sababu mojawapo ya kuahirisha ni mfumo wa Marvel, ambamo kila filamu hutakiwa kuandaa nyingine. Riri anapewa vazi la chuma na mapigano yake mwenyewe, na mwaka 2025 akapata tamthilia yake, Ironheart. Filamu ina dakika 161, karibu nusu saa zaidi ya ile ya kwanza, na nyongeza hiyo ingetosha kuufuata mzozo wa Geneva hadi tamati.

Wahakiki wetu wana wajibu wa kuzichukulia filamu hizi kwa uzito, hasa zinapoichora Afrika na kuwapa waigizaji kama Lupita Nyong'o, Mkenya, nafasi za kuheshimika. Wakanda Forever imethibitisha kwamba filamu ya biashara kubwa inaweza kuomboleza kwa adabu na kwa ustadi. Kwa kuwa imeweza hilo, tuna haki ya kuidai pia ujasiri wa kumfuata mwizi iliyemtaja yenyewe.