Nani Aueleze Ukurasa Wako?

Chini ya kila kiungo kinacholetwa na Google huwa kuna mistari miwili mitatu ya maelezo. Msomaji huipitia haraka, kisha anafungua au anapita. Historia ya mistari hiyo ni historia ya imani waliyopewa wenye tovuti, wengine wakaichezea, wote wakapunguziwa.

AltaVista, mtambo wa utafutaji wa kampuni ya Kimarekani ya Digital Equipment Corporation, ilifunguliwa Desemba 1995. Ukurasa usio na maelezo uliwakilishwa na maneno yake ya mwanzo, ambayo mara nyingi yalikuwa menyu au salamu za kukaribisha wageni. Mwenye tovuti aliyetaka nafuu aliandika metadata ndani ya msimbo, mahali asipopaona msomaji: maelezo mafupi ya ukurasa pamoja na orodha ya maneno muhimu. Maelezo yalionyeshwa kwenye matokeo. Maneno muhimu yalisaidia ukurasa kupatikana.

Ulaghai haukuchelewa. Wapo waliorudia neno lilelile mara nyingi, na wapo waliopachika majina ya washindani wao. Mwaka 1999, mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kesi ya Brookfield dhidi ya West Coast, kampuni ya maduka ya video iliyotaka kutumia jina MovieBuff, alama ya biashara ya Brookfield, katika metadata yake. Majaji walifananisha tendo hilo na bango la barabarani linalotaja duka moja huku likimpeleka dereva kwa mshindani. Wakaagiza West Coast izuiwe.

Wakati huo Google, iliyoanzishwa 1998, ilikuwa ikipima ukurasa kwa viungo vinavyoelekea kwake, na ikichota maelezo kutoka ndani ya maandishi, karibu na maneno yaliyotafutwa. Wakati mwingine iliazima maelezo yaliyoandikwa na wahariri wa kujitolea wa saraka ya DMOZ. Baadhi ya wenye tovuti hawakuyapenda, na mwaka 2006 wakapewa lebo ya kuyakataa. DMOZ yenyewe ilifungwa Machi 2017.

Septemba 2009 Google ilitangaza wazi kwamba haitumii kabisa lebo ya maneno muhimu kupanga matokeo. Maelezo nayo hayapandishi ukurasa, ila huonyeshwa pale yanapoueleza vizuri kuliko maandishi yenyewe. Mwaka 2019 zikaongezwa lebo za kuweka kikomo cha herufi zinazoonyeshwa, Ufaransa ilipokuwa inaanza kutekeleza sheria ya haki za wachapishaji wa habari.

Kwa hiyo metadata leo ni pendekezo tu mbele ya mtambo. Hata hivyo, tusiipuuze. Gazeti, shule au zahanati inayoandika sentensi mbili za kweli kwa kila ukurasa, zikitaja huduma, mahali na wahusika, humwokolea msomaji muda na bando. Imani iliyopotezwa na walaghai hurudishwa hivyo, ukurasa mmoja baada ya mwingine.